Maudhui ya Ubaguzi katika Chozi la Heri

Ubaguzi ni hali ya kumtenga mtu au kumnyima haki yake kwa sababu ya kabila, rangi, lugha, dini, jinsia au asili yake. Katika riwaya hii, Assumpta K. Matei anaonyesha kwamba ubaguzi huanza na neno. Ridhaa anapohamia Msitu wa Heri akiwa mtoto, wanafunzi wenzake wanamtenga mchezoni na kumwita "mfuata mvua", yaani mgeni asiye na kwao pale. Mamaye anamtia moyo. Anasoma hadi anakuwa daktari. Hata hivyo, chuki iliyokuwa katika neno lile haikwisha. Miaka mingi baadaye, baada ya uchaguzi, jirani yake, Mzee Kedi, anahusika katika kuiteketeza familia yake.

Watahiniwa wengi huandika tu, "Ridhaa alibaguliwa shuleni." Hoja hiyo haijakamilika. Jiulize: nani anabagua? Kwa kisingizio gani? Anayebaguliwa anapoteza nini?

Tuyajaribu maswali haya hapa mpakani. Chukua mfano wa mwanafunzi Mteso wa Malaba ambaye nyanya yake anaishi Tororo. Akisoma kwa sauti, lafudhi ya Kiteso inasikika, na mmoja anamwita "Mganda". Darasa linacheka.

(i) Anayebagua: aliyetamka neno, pamoja na wote waliocheka.

(ii) Kisingizio: lafudhi, na jamaa walio ng'ambo. Kisingizio hiki hakina mashiko. Kwa maana ya kabila, Mganda ni mtu wa Buganda. Kwa maana hiyo, Mteso wa Tororo si Mganda. Isitoshe, kabla ya mwaka 1902 nchi yote kutoka hapa Busia hadi Naivasha ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza ndio waliousogeza mpaka. Wateso na Wasamia wakabaki pande zote mbili, bila wao kuhama. Kwa hivyo mababu wa wanaocheka nao walikuwa "Uganda".

(iii) Hasara: mwanafunzi huyo anaacha kuinua mkono. Mwalimu anadhani hajui, na polepole yeye mwenyewe anaamini hivyo.

Kumbuka pia sheria. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaikataza Serikali kumbagua mtu kwa misingi kama vile asili ya kikabila au kijamii, rangi au lugha. Kifungu hicho hicho kinamkataza mtu binafsi pia, nawe umo.

Zingatia: Faraja ya mama ilimsaidia Ridhaa, lakini haikuwabadilisha waliomtenga. Kumwambia anayechekwa avumilie hakutoshi. Anayecheka naye anahitaji kufunzwa. Hoja hii itaupa insha yako uzito.

Zoezi
1. "Ubaguzi huanza na neno." Thibitisha kwa kurejelea riwaya ya Chozi la Heri.
2. Taja jina moja la kejeli linalotumiwa shuleni kwenu, kisha ulichambue kwa maswali matatu yaliyo hapo juu. Je, wewe hulitumia?