Kuinua pikapu ya kambi: inchi mbili zatosha

Kama unakaa Kisauni, Likoni au Changamwe na una pikapu, wajua Ijumaa jioni inavyokuwa. Simu inalia, mbogi inataka kwenda Tsavo au Shimba Hills, kila mtu ana begi lake na gari ni lako. Hapo ndipo wazo la kuinua gari linapoanza kukuwasha. Umeona Hilux za Australia kwenye YouTube zimesimama kama twiga, nawe unajiuliza fundi wa mtaani atakutoza ngapi.

Ngoja kwanza, bwana. Unainua ili iweje?

Wengi husema, "Isigonge chini." Sawa, lakini inagonga wapi, na lini? Ukipanda feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa, mteremko wa kuingilia huwa mkali na tako la gari hukwaruza. Kama linakwaruza tu ukiwa umejaza mizigo, basi huna shida ya urefu. Una springi za nyuma zilizochoka, au zisizolingana na mzigo wako. Chukua tepu, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, gari likiwa tupu. Kisha pakia kila kitu cha kambi, waite na wale watakaokaa ndani, upime tena. Namba hizo mbili zitakwambia mengi kuliko muuzaji yeyote wa vipuri.

Halafu piga hesabu ya uzito, na usijidanganye. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40 kabla hujahesabu dumu lenyewe. Hema la kufunga juu ya paa mara nyingi lina kilo 50 hadi 70. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Weka kanopi ya chuma, betri ya pili, friji, gesi, tairi la akiba na makaa ya kuchomea nyama, uone unavyofika. Pikapu nyingi za milango minne hubeba karibu tani moja, na hiyo tani inahesabu watu pia. Springi mpya haziongezi hata kilo moja kwenye uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Zinafanya gari lisimame vizuri tu. Breki, ekseli na chesisi ni zile zile.

Hapa ndipo vijana wengi wa bara huku kwetu wanapotatizika, kwa sababu pikapu ya wikendi ndiyo hiyo hiyo ya kazi. Jumatatu inabeba saruji au madafu, Jumatano iko tupu kwenye foleni ya daraja la Nyali, Jumamosi iko Voi. Springi za nyuma huuzwa kulingana na mzigo wa kudumu: kuna za gari tupu, kuna za gari linalobeba kilo mia kadhaa kila siku, na kuna za mzigo mkubwa zaidi. Ukifunga zile ngumu kabisa halafu siku nne kwa wiki gari likawa tupu, litaruka kama mbuzi kwenye kila tuta, na tairi za nyuma zitakosa kushika barabara vizuri mvua ikinyesha. Chagua kwa mzigo ulio nao siku nyingi, si kwa safari moja ya Desemba. Ukiwa katikati, chukua za mzigo wa wastani.

Kuhusu urefu, inchi 2, yaani milimita 50 hivi, zatosha. Ukipita hapo kwenye gari lenye springi za koili mbele, ekseli fupi za mbele zinakaa kwa pembe kali na viungo vyake vinaisha upesi, magurudumu yanakataa kupangika, na unaanza kununua mikono mipya ya juu na vipuri ambavyo hukuvipangia. Gari refu pia hupinduka kwa urahisi zaidi, hasa likiwa na hema juu ya paa. Kumbuka barabara ya kwenda Nairobi na yale malori: ukipishana nayo pale Mackinnon Road, upepo wake wenyewe unakusukuma.

Jua pia gari lako ni la namna gani. Hilux za kuanzia Vigo na D-Max za toleo la pili zina koili mbele. D-Max ya toleo la kwanza ina vyuma virefu vya kujipinda, zile tosheni baa. Fundi anaweza kuziinua kwa spana tu, kazi ya dakika chache, na ndiyo maana utaambiwa ni rahisi. Kweli ni rahisi. Ila gurudumu linabaki na nafasi ndogo ya kushuka shimoni, na gari linakuwa gumu. Kidogo tu, sawa. Kupita hapo, badilisha baa zenyewe.

Vivyo hivyo na vipande vya kuchomekea juu ya springi za mbele, au bloku za kuweka chini ya springi za bapa nyuma. Vinainua, lakini springi iliyochoka inabaki imechoka. Kama pesa ni chache, heri ununue springi na shokomzoba za nyuma mwezi huu, na za mbele baadaye, kuliko kuinua pande zote kwa vipande. Na shokomzoba za mitumba, hata ziwe zinang'aa vipi, mimi singeziweka chini ya gari linalobeba rafiki zangu.

Jambo jingine ambalo halisemwi: kuinua springi hakuinui ekseli ya nyuma. Ile bonge la difu linabaki pale pale. Ni tairi pekee linaloliinua, tena tairi refu kwa inchi 1 linakupa nusu inchi tu. Na ukiwa Tsavo huruhusiwi kutoka njiani hata ukiwa na gari la jeshi. Kwenye mchanga, kupunguza upepo wa tairi kutakusaidia kuliko springi yoyote, na ni bure, bora uwe na pampu ya kujaza tena.

Kazi ikiisha, usiondoke bila alainimenti, taa za mbele kushushwa zisiwapige wenzako machoni, na paipu za breki kukaguliwa kama zimevutika. Mjulishe pia mwenye bima wako kwa maandishi, kwani mabadiliko uliyoyaficha yanaweza kukutia matatani siku ya ajali. Hewa yetu ya chumvi inakula boliti, kwa hivyo paka grisi na uoshe chini ya gari kwa maji baridi kila ukitoka ufuoni.

Safari ya kwanza usiende mbali. Toka Likoni, pinda Kombani, panda Kwale hadi Shimba Hills ukiwa na mzigo wako wote, sikiliza vyuma vinasema nini kwenye murram, ulale usiku mmoja. Ukirudi, mpitie fundi akaze yuboliti tena.