Mwalimu Yuko Ndani ya Simu ya Mathe

Unaijua ile tuisheni ya Jumamosi: watoto 50, mwalimu mmoja, na wewe huko nyuma umekwama kwenye kugawanya. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani, Benjamin Bloom, aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida akifunzwa peke yake anawapita takriban asilimia 98 ya wale wa darasani. Poa. Lakini Gatwekera, nani atalipia mtoto mmoja mwalimu mzima?

Ndiyo maana watu wanaijaribu kompyuta. Hapa Nairobi, M-Shule walikuja na masomo ya SMS, kabambe inatosha, hauhitaji bando. Ukikosea, unaletewa swali rahisi. Ukipata, linakuwa gumu kidogo. Mfumo unakusoma polepole.

Sasa jiulize: simu ni ya nani? Mathe wa Kawangware anatoka alfajiri kwenda kufua Lavington, na simu anaenda nayo kwa sababu kazi ya kesho inaitwa kwa hiyo hiyo. Akirudi usiku, watoto watatu wanaing'ang'ania. Wa gredi ya sita anajibu mawili, kadogo kanabonyeza moja. Mfumo wowote hapo utadhani ni mtu mmoja aliyechanganyikiwa, umpe maswali yasiyomfaa yeyote.

Kule Tanga, Tanzania, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa watoto tabuleti, kila mmoja yake. onebillion na Kitkit School waligawana ushindi 2019.

Kwa hivyo wewe mwenye kabambe ya zamani imelala droo: kuna mtu wa gredi ya sita hapo ploti yenu.