Kabla ya Kusimika Hema, Ulizia Maji

Likizo inapokaribia, wapo akina mama wanaopanga safari ya gari na watoto kutoka Shinyanga kupitia Geita hadi Ziwa Viktoria, wakilala kwenye hema. Ni furaha kwa familia. Lakini sisi wauguzi tunasema: mahali pa kambi hupimwa kwanza kwa maji.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, nayo huingia katika vijito. Hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki. Basi tukae mbali na mashimo na mahali pa kuoshea dhahabu, tubebe maji ya kunywa kutoka nyumbani.

Ziwani, watoto wasiogelee penye matete, kuna kichocho. Hema lisiwe kwenye njia ya viboko. Chandarua kisisahaulike.

Tulale wapi basi? Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kina mahali pa kambi. Hufikiwa kwa boti. Mbung'o wapo, hivyo tuache nguo za bluu na nyeusi. Vijijini, tumwone mwenyekiti wa kijiji, au tuombe uwanja wa kanisa wenye choo na mlinzi.

Mama mpendwa, fika kabla ya giza, uulize wenyeji, ndipo usimike hema.