Mgongo Unauma? Siyo Kila Mara ni Mizigo

Hapa Mafia kijana akilalamika mgongo, majibu yako tayari: "Umevuta sana nyavu," au "Umebeba nazi nyingi, kapumzike." Wengine watasema anakwepa kazi. Mara nyingi ni misuli tu imechoka, na itapona. Lakini yapo maumivu ambayo kupumzika ndiko kunayazidisha.

Ni nini kinauma?

Chini ya uti wa mgongo, kushoto na kulia, kuna viungo viwili vinavyouunganisha na mifupa ya nyonga. Wataalamu huviita sakroiliaki. Vikipata uvimbe wa ndani, maumivu husikika kiunoni na matakoni.

Utajuaje?

- Maumivu yalianza polepole na yamepita miezi mitatu.
- Yanakuamsha usiku wa manane.
- Asubuhi mgongo umekakamaa zaidi ya nusu saa, ukitembeatembea unalegea.

Eksirei si inatosha?

Hapana! Eksirei huonyesha mfupa ulioliwa au viungo vilivyoshikana, na uharibifu huo huweza kuchukua miaka kuonekana. Kwa hiyo picha ikiwa safi, haina maana unajifanya mgonjwa. CT scan huona mfupa ulioliwa vizuri zaidi, ila nayo hutumia mionzi. MRI hutumia sumaku, na huona majimaji yaliyojaa ndani ya mfupa ugonjwa ukiwa bado mchanga. Ndiyo maana mwaka 2009 wataalamu wa kimataifa waliiingiza katika vigezo vya kuutambua ugonjwa huu.

Hata hivyo, MRI peke yake haitoi hukumu. Majimaji kidogo huweza kuonekana hata kwa mwanamichezo mzima au mama aliyejifungua karibuni. Na kikiuma kiungo cha upande mmoja, tena kwa homa, daktari atafikiria pia kifua kikuu au brusela.

Ufanye nini?

MRI iko mbali: uvuke bahari hadi Nyamisati, kisha gari mpaka Muhimbili, Dar es Salaam. Basi usianze na safari. Anza hospitali ya wilaya, Kilindoni. Mweleze daktari yaanza lini, saa ngapi yanazidi, nini kinayapunguza. Maelezo yako ndiyo yatakayomsaidia kuamua kama anahitaji kukupa rufaa.

Kumbuka: viungo vikishashikana haviachani tena. Ukiwahi, dawa na mazoezi husaidia sana. Usione haya, sema!