Mwanga wa Kasi na Siri za Vitu Yabisi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi leza inavyotoa mipigo ya mwanga inayodumu femtosekunde chache tu. Femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mafungu milioni moja, na kila fungu likagawanywa tena mafungu bilioni moja. Leo tuitazame kazi ya mipigo hiyo ndani ya vitu yabisi. Hoja yangu ni kwamba hiyo ndiyo njia ya kutambua sababu na matokeo pale ambapo joto huvichanganya, na ushahidi umo katika kitu kinachochunguzwa hapa hapa Tanzania.

Kitu hicho ni oksidi ya vanadi, VO2. Mwaka 1959, F. J. Morin wa maabara za Bell, Marekani, alionyesha kuwa inapopashwa joto hugeuka ghafla: chini ya nyuzijoto 68 za Selsiasi hupitisha umeme kwa shida, juu ya hapo huupitisha kama metali na kuzuia sehemu kubwa ya mionzi ya joto la jua. Nuru Mlyuka na Richard Kivaisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameichunguza ikiwa utando mwembamba. Mwaka 2009 Mlyuka, pamoja na Niklasson na Granqvist wa Uppsala, Sweden, walionyesha kuwa kuongeza magnesi hushusha mpaka huo wa joto na kuruhusu mwanga zaidi upite. Shabaha ni kioo cha dirisha kinachoacha mwanga uingie na joto libaki nje. Faida yake kwa nyumba za Madungu, Chake Chake, wakati wa kaskazi haihitaji maelezo marefu.

Lakini mgeuko huo huanzia wapi? VO2 ikiwa baridi, atomi za vanadi hukaa mbili mbili. Ikipata moto hutengana, na papo hapo elektroni huwa huru. Je, elektroni zilifungwa na mpangilio wa atomi, au zilizuiana zenyewe? Joto haliwezi kujibu, kwa kuwa huvitikisa vyote pamoja. Mpigo wa mwanga hujibu. Hugawanywa sehemu mbili: ya kwanza huigutusha sampuli, ya pili hufuata kuipima. Kwa kuwa mwanga husafiri mikrometa 0.3 kwa femtosekunde, kusogeza kioo kinachourudisha mikrometa 0.15 tu, umbali ambao mwanga huupita mara mbili, kwenda na kurudi, huichelewesha ile sehemu ya pili femtosekunde moja. Mwaka 2004 Andrea Cavalleri na wenzake walionyesha kuwa hata mpigo ukiwa mfupi zaidi, mgeuko haukamiliki kabla ya takriban femtosekunde 80, muda unaolingana na mwendo wa atomi. Kwa hiyo atomi zinahusika. Hata hivyo, mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waligundua kuwa mwanga hafifu zaidi huweza kuleta hali inayofanana na metali huku atomi zikiwa bado mbili mbili. Basi huenda sababu ni mbili, na nguvu ya mpigo huamua ipi itangulie.

Mtu atasema: mwanga nao si unapasha moto tu? Ni kweli kwamba mwishowe sampuli hupata joto. Lakini elektroni ndizo hupokea nishati kwanza, na huchukua muda kuigawa kwa atomi. Vipimo hivi hunasa yanayotokea kabla ugawaji huo haujakamilika. Mwingine atauliza kama nchi yenye mahitaji mengi inamudu leza hizi. Sisemi kila chuo kinunue yake. Utando unaweza kutengenezwa Dar es Salaam na kupimwa penye vifaa. African Laser Centre, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003, ilikusudiwa ushirikiano wa namna hiyo. Na anayejua kwa nini kitu hugeuka hachagui kwa kubahatisha kiungo cha kuongeza. Wanafunzi wa fizikia wa Chake Chake wana haki ya kufundishwa haya wakijua kuwa Watanzania wamo katika utafiti wenyewe. Sehemu ya tatu itaeleza jinsi mwanga unavyotumiwa kudhibiti umeme ndani ya vihami, yaani vitu ambavyo kwa kawaida havipitishi umeme.