Maradhi ya Siri ya Wanaume: Tuyaelewe, Yatibiwe



Katika vikao vya afya tunavyoendesha Nyamiaga na vijiji vya jirani, akina mama huuliza maswali yao hadharani. Akina baba hungoja. Kikao kikimalizika, mmoja humfuata mhudumu pembeni na kuanza, "Nina rafiki yangu mmoja ana shida." Tumeshawasikia marafiki wengi wa namna hiyo. Wengine wamekaa na ugonjwa miezi mingi, wamemaliza fedha kwa wauza dawa, na nyumbani mama naye anaumwa bila kujua sababu.

Makala zetu za afya kwa kawaida zimehusu uzazi, lishe na maji safi. Safari hii tumeona tueleze maradhi ya sehemu za siri za wanaume, kwa maneno ya wazi yenye heshima, ili kamati ziweze kuwaelekeza watu mahali pa kupata msaada.

Usaha na vidonda

Shida inayoletwa mara nyingi ni maumivu wakati wa kukojoa pamoja na usaha kutoka katika njia ya mkojo. Chanzo chake kikubwa ni kisonono, ambacho kwa mwanaume hujionyesha siku chache tu baada ya kuambukizwa, au klamidia, ambayo huweza kukaa kimya. Mara nyingi viwili hivi huja pamoja, na kwa macho huwezi kuvitenganisha. Ndiyo maana katika zahanati isiyo na maabara mhudumu hutibu kwa kufuata dalili: mgonjwa mwenye usaha hupewa dawa za vyote viwili siku hiyo hiyo, bila kuambiwa arudi wiki ijayo kuchukua majibu.

Kosa tunaloliona kila siku ni la vidonge vya rangi mbili. Mtu huenda dukani, hununua vinne au sita kadiri ya fedha aliyonayo mfukoni, usaha hupungua, naye huhesabu kwamba amepona. Vijidudu vilivyobaki ni vile vilivyohimili dawa. Kisonono kimezishinda dawa nyingi kwa njia hii. Penisilini iliyokuwa ikikiponya zamani haikiwezi tena, na siprofloksasini, iliyotumika sana miaka ya nyuma, nayo imeachwa kwa sababu hiyo hiyo. Leo tegemeo ni sindano ya seftriaksoni pamoja na vidonge, na sindano hiyo haichomwi katika duka la dawa muhimu. Inabidi kwenda kituoni.

Kaswende ni mjanja zaidi. Huanza na kidonda kimoja kisichouma, ambacho hukauka chenyewe baada ya wiki chache hata bila dawa. Mgonjwa hushukuru, kumbe ugonjwa umeingia katika damu na unaweza kumpata mkewe, na mtoto aliye tumboni akazaliwa mfu au mgonjwa. Kipimo chake ni tone la damu, na penisilini bado inakiponya vizuri.

Hapa tunasema bila kuzunguka: kumtibu baba peke yake ni nusu ya kazi. Mama mwenye kisonono au klamidia mara nyingi haoni dalili yoyote. Baba akipona na kurudi nyumbani, anaambukizwa tena na mkewe ambaye yeye mwenyewe alimwambukiza, kisha lawama zinamwangukia mama. Wote wawili watibiwe, na wakae siku saba bila tendo la ndoa. Wasioweza kungoja watumie kondomu, kama mhudumu atakavyowaeleza. Aliyepata ugonjwa mmoja wa zinaa apimwe pia VVU, kwa sababu kidonda na usaha huvifungulia virusi hivyo mlango.

Yaliyojifunzwa Mwanza na Benaco

Jambo hili la mwisho lilithibitishwa na majirani zetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi hakukuwa na dawa ya kuwapa. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo cha tiba cha London walifanya jaribio katika maeneo 12 ya vijijini mkoani Mwanza. Katika maeneo sita, wahudumu waliokuwepo katika zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikafikishwa bila kukatika, wasimamizi wakawatembelea, na wanakijiji wakahimizwa kuwahi matibabu. Hakukujengwa hospitali mpya. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa VVU katika maeneo hayo walikuwa 1.2 katika kila watu 100, na katika maeneo mengine sita 1.9. Maambukizi mapya yalipungua kwa takribani asilimia 40.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1995, lakini somo lenyewe lilikuwa limeshafika wilayani Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa takribani siku moja, na Benaco ikageuka mji wa mahema. AMREF ilipima hali ya magonjwa ya zinaa kambini na kuanzisha matibabu ya kufuata dalili, wakati ambapo wengi walidhani huduma ya namna hiyo ingengoja mpaka vita viishe.

Wafadhili wanastahili kuelezwa pia kwamba jaribio la Rakai, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, ambako watu wote waligawiwa dawa kila baada ya miezi kumi, halikupunguza VVU. Wataalamu wameeleza kwamba huko janga lilikuwa limeshaenea zaidi na mbinu haikuwa ile ile. Kwa maoni yetu, kampeni ya kugawa dawa na kuondoka haiwezi kushika nafasi ya zahanati yenye mhudumu aliyefundishwa na kabati lenye dawa mwaka mzima. Ikiwa parokia ina fedha ya kuchagua kimoja, ichague kabati.

Nguvu za kiume

Hili ndilo linalowatia wanaume aibu kuliko yote, na linalowatajirisha wauzaji. Kila stendi ina mtu mwenye mizizi, chupa au vumbi la Kongo. Hatudharau dawa za asili, lakini hatuwezi kuficha kwamba katika nchi mbalimbali maabara zimekuta dawa za nguvu zinazoitwa za miti shamba zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ile ile ya hospitalini iliyoanza kuuzwa mwaka 1998 kwa jina la Viagra. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akimeza mchanganyiko huo, shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla na kumwua. Wanaotumia dawa za VVU za daraja la pili zenye ritonaviri nao wako hatarini, kwa kuwa ritonaviri huifanya sildenafili ikae mwilini kwa wingi na kwa muda mrefu.

Uume husimama pale mishipa inapopanuka na kujaa damu. Mishipa hiyo ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo ikianza kuharibiwa na kisukari, shinikizo la damu au sigara, ndiyo inayoonyesha dalili mapema. Utafiti uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya nusu ya wanaume wenye kisukari waliochunguzwa wana tatizo hili. Mwanaume wa miaka 45 anayekuja kulalamikia nguvu basi apimwe sukari na shinikizo kabla ya kupewa chochote. Huenda chumbani ndiko alikoonywa kuhusu moyo wake.

Kuna swali moja linalosaidia sana: je, alfajiri uume husimama wenyewe? Kama ndiyo, mara nyingi mishipa ni mizima, na shida inatokana na hofu, uchovu, ugomvi wa nyumbani, madeni au msiba. Huyo anahitaji mazungumzo, pamoja na mkewe. Rubisi na gongo nazo huchangia, hata kama mnywaji anaamini kinyume. Wengine walipungukiwa baada ya kuanza vidonge vya shinikizo la damu, wakaviacha kimyakimya. Tunawasihi wasiviache, wamweleze daktari, kwa kuwa zipo aina nyingine za kubadilishia.

Mengine kwa ufupi

Kijana akipatwa ghafla na maumivu makali ya korodani moja, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Huenda korodani imejisokota, na baada ya saa sita hivi uwezekano wa kuiokoa hupungua sana. Uvimbe wa taratibu usiouma unaweza kuwa busha au ngiri. Hayo si magonjwa ya zinaa, na tiba yake ni upasuaji. Mzee anayeamka usiku mara nyingi, mkojo ukitoka kwa kukatika, achunguzwe tezi dume.

Kuhusu ugumba, mwanaume huchangia karibu nusu ya matukio, na kisonono ambacho hakikutibiwa ni sababu mojawapo kwa kuwa huziba mirija ya mbegu. Hata hivyo, bado tunapokea akina mama waliorudishwa kwao huku waume zao hawajapimwa hata mara moja. Wanakamati wanaokalishwa kusuluhisha mashauri hayo wadai kwanza kipimo cha baba.

Kamati zifanye nini

Hospitali za Nyamiaga, Murgwanza, Rulenge na Biharamulo ndiko pa kuwaelekeza wagonjwa ambao zahanati imeshindwa kuwasaidia. Katika zahanati zenyewe, mahitaji tunayoyaona ni madogo: mlango unaofungika, pazia, mhudumu wa kiume walau siku moja kwa wiki, vibanzi vya kupimia sukari na mashine ya shinikizo la damu inayofanya kazi. Mwanaume aliyesimama mstarini katikati ya mama mkwe na jirani hatasema kilichomleta. Atasema kichwa kinauma, atapewa panadoli na kurudi nyumbani.

Kamati zinazopenda kuandaa siku ya wanaume zituletee tarehe kabla ya mavuno ya kahawa kuanza, maana yakishaanza, akina baba hawapatikani.