Simu mpya ya mama na vipimo vya presha vilivyopotea

Dar es Salaam. Asubuhi ya siku ya kliniki, mama yangu alikaa mbele ya daktari akiwa na simu mpya mkononi. Daktari alimuuliza kama amekuwa akipima presha nyumbani kama walivyokubaliana mara ya mwisho.

Mama alijibu kwa kujiamini. Amepima asubuhi na jioni kwa miezi minane, na kila kipimo kimo kwenye simu. Akanikabidhi nimfungulie.

Hakukuwa na kitu.

“Mwanangu, hebu tafuta vizuri,” alisema. Nilitafuta vizuri. Majina ya watu yalikuwapo, picha za wajukuu zilikuwapo, hata meseji za vikoba zilikuwapo. Programu aliyokuwa akiandikia presha ndiyo haikuwapo.

Simu hiyo ilikuwa zawadi ya kaka yangu, aliyoileta wiki mbili kabla. Ilikuwa ya aina tofauti na ile ya zamani, na kwenye duka lake la programu, ile programu ya mama haikuwahi kuwekwa. Vipimo navyo vilihifadhiwa ndani ya simu ya zamani tu, ambayo tayari ilikuwa imefutwa kila kitu na kupewa mjukuu wa darasa la sita.

Daktari hakugomba. Aliandika kipimo cha siku ile, akaahirisha kwa mwezi mmoja uamuzi wa kubadilisha dawa, akampa mama karatasi akaanze upya. Kwa mtu mwenye presha inayopanda na kushuka, mwezi mmoja wa kubahatisha si jambo dogo.

Mimi huandika habari za afya, si za teknolojia. Lakini siku ile nilielewa kwamba ushindani wa kampuni za simu, ambao vijana huubishania vijiweni kama Simba na Yanga, unaweza kuingia hadi kwenye chumba cha daktari.

Vita ilianzaje?

Simu janja karibu zote zinazouzwa leo zinatumia mojawapo ya mifumo miwili. Upo mfumo wa iOS, unaopatikana kwenye iPhone za kampuni ya Apple pekee. Na upo Android wa kampuni ya Google, ambao uko kwenye Samsung, Tecno, Infinix, itel, Xiaomi na nyingine nyingi. Duniani, takriban simu saba kati ya kumi ni za Android.

iPhone ya kwanza iliingia sokoni Juni 2007, na wakati huo haikuwa na duka la programu. Duka hilo, App Store, lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu kama 500. Miezi michache baadaye, Oktoba mwaka huohuo, simu ya kwanza ya Android ilianza kuuzwa ikiwa na duka lake, ambalo tangu 2012 linaitwa Google Play.

Kuanzia hapo, kilichogombewa hakikuwa uzuri wa kioo wala kamera peke yake. Kiligombewa kitu kingine: watengenezaji wa programu. Mteja huenda kwenye simu yenye programu anazozihitaji, na mtengenezaji hupeleka programu yake kwenye simu yenye wateja. Ni kama soko la mtaani. Wauzaji wakihama, wanunuzi hawaji, na wanunuzi wasipokuja, wauzaji waliobaki nao hufunga meza.

Windows Phone ya Microsoft ni mfano mzuri. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilifikia kuwaahidi watengenezaji wa Marekani dola 100 kwa kila programu watakayoiweka dukani kwake. Mwaka 2014 ikakamilisha ununuzi wa biashara ya simu ya Nokia, jina ambalo wazazi wengi tulikua nalo. Haikusaidia. Mwisho wa Desemba 2019 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu hizo, na Januari 2020 zikaisha kabisa kuhudumiwa.

BlackBerry, simu iliyokuwa alama ya ubosi, ilizimiwa huduma za mifumo yake ya zamani Januari 4, 2022.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia. Hapa walipigana fahali zaidi ya wawili, na aliyekuwa na kumbukumbu zake kwenye simu ya aliyeshindwa ilibidi ajue atazihamishaje.

Kwa nini programu iwe huku isiwe kule?

Nilipokuwa nikijiuliza kwa nini programu ya mama haikuwa kwenye simu mpya, jibu lilikuwa la kibiashara. Mifumo hii miwili haizungumzi lugha moja. Anayetaka programu yake iwe kote mara nyingi hulazimika kufanya kazi ya ziada, kuijaribu kwenye simu za pande zote na kuitunza kila mfumo unaposasishwa.

Kuna pia ada. Kuwa mtengenezaji aliyesajiliwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Google hutoza dola 25 mara moja tu. Programu ikianza kuuza huduma za kidijiti ndani yake, maduka haya kwa kawaida yamekuwa yakikata hadi asilimia 30 ya malipo. Mwaka 2021 yote mawili yalishusha makato hadi asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo.

Makato hayo ndiyo yaliyozaa kesi maarufu. Agosti 2020, kampuni ya Epic Games iliweka njia yake ya malipo ndani ya mchezo wa Fortnite ili kukwepa makato. Apple na Google wakauondoa mchezo huo kwenye maduka yao siku hiyohiyo, na Epic ikawashtaki wote wawili. Watoto wengi walijua habari hiyo kabla ya wazazi wao.

Kwa hiyo mtengenezaji mdogo, mwenye wazo zuri la kusaidia wagonjwa lakini mfuko mwepesi, mara nyingi huanza na upande mmoja. Barani Afrika, ambako watu wengi wana Android, upande huo huwa Android. Anayehamia kwenye iPhone anaweza kukuta programu aliyoizoea haipo, na anayetoka iPhone anaweza kukutwa na hali hiyohiyo kwa programu nyingine.

Inapogusa afya

Chukua saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo. Apple Watch inahitaji iPhone. Galaxy Watch za Samsung zilizotoka kuanzia 2021 zinahitaji Android. Ukimnunulia baba saa bila kuuliza ana simu gani, unaweza kuwa umemnunulia bangili.

Kwa wenye kisukari jambo ni zito zaidi. Vipo vifaa vinavyobandikwa mwilini, vinavyosoma sukari na kutuma taarifa kwenye simu. Sukari ikishuka mno au kupanda mno, simu hulia. Februari 2025, mamlaka inayosimamia chakula na dawa Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za watumiaji ambao simu zao hazikulia au hazikusikika.

Sababu zilizotajwa ni za kawaida kabisa: mipangilio ya taarifa kwenye simu, hali ya kuzuia usumbufu, kuunganisha vipokea sauti vya masikioni, au mfumo wa simu kusasishwa. FDA ilisema kukosa tahadhari hizo huenda kulichangia madhara makubwa, na hata vifo. Ushauri wake ulikuwa kuzima usasishaji wa moja kwa moja wa mfumo, na kuhakikisha kwanza kwamba toleo jipya linaelewana na kifaa.

Mahasimu hawa wanaweza kushirikiana wakitaka. Aprili 2020, katikati ya janga la Uviko-19, Apple na Google walitangaza kwamba wanatengeneza pamoja njia ya simu za pande zote mbili kutambuana, ili mtu ajulishwe akiwa alikaa karibu na aliyeambukizwa. Tatizo si kwamba ukuta kati yao haubomoki.

Mtoto na simu ya aina nyingine

Eneo jingine ambalo wazazi hukwama ni kudhibiti muda wa mtoto kwenye simu. Google ina Family Link, iliyoanza 2017. Apple ina Screen Time, iliyoanza 2018. Zote zinaweza kuweka kikomo cha saa na kuzuia programu zisizofaa umri.

Tofauti iko hapa. Mtoto akiwa na Android, mzazi anaweza kumsimamia kwa Family Link hata kama mzazi mwenyewe ana iPhone. Mtoto akiwa na iPhone na mzazi ana Android, mzazi hawezi kumsimamia kwa Screen Time kutokea kwenye simu yake. Itabidi aishike simu ya mtoto, aweke mipangilio humohumo na kuifunga kwa namba ya siri.

Kwa hiyo mjomba akija na iPhone ya zawadi kwa binti yako wa miaka 12, mshukuru, kisha kaa na simu hiyo jioni moja kabla hujamkabidhi.

Siri za mwili

Programu za kufuatilia hedhi na ujauzito zinajua mambo ambayo hata mama mkwe hayajui. Januari 2021, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza makubaliano na watengenezaji wa programu ya hedhi ya Flo, baada ya kuwatuhumu kwamba waliahidi faragha lakini taarifa za watumiaji zikafika kwa kampuni nyingine, zikiwamo Facebook na Google.

Katika hili ushindani umesaidia kidogo. Desemba 2020 Apple ilianza kuonyesha, kwenye ukurasa wa kila programu, taarifa zinazokusanywa. Mwaka 2022 Google nayo ikaweka sehemu kama hiyo. Lakini kumbuka kwamba maelezo hayo hujazwa na mtengenezaji mwenyewe. Yasome, ila usiyachukue kama kiapo.

Hapa nyumbani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na ipo tume inayopokea malalamiko. Taarifa za afya ya mwanao zina ulinzi wa kisheria.

Kabla hujabadilisha simu

Kutokana na yaliyotukuta, haya ndiyo ninayowashauri wazazi, na watoto wa wazazi.

Kwanza, orodhesha programu ambazo mwenye simu hawezi kuishi bila hizo: za presha, sukari, kliniki, benki. Tafuta kila moja kwenye duka la simu mpya kabla ya kulipa. Ulizolipia upande mmoja, huenda ukalazimika kuzilipia tena upande wa pili.

Pili, toa vipimo nje ya programu. Nyingi zina sehemu ya kutuma kumbukumbu kwa baruapepe. Isipokuwapo, piga picha za kioo na ujitumie.

Tatu, usitegemee nakala ya WhatsApp pekee. Nakala ya Android hukaa kwenye hifadhi ya Google, ya iPhone hukaa iCloud, na moja haifunguki kwa nyingine. Mazungumzo yanaweza kuhamishwa kati ya mifumo hiyo, lakini njia yake ni tofauti na inahitaji simu zote mbili ziwe mezani.

Nne, angalia umri wa mfumo, hasa kwa simu ya mtumba. Tangu Mei 2025 WhatsApp inahitaji iOS 15.1 au zaidi, hivyo iPhone 5s na iPhone 6 zimeachwa nje. Bei rahisi inaweza kuwa na sababu.

Tano, kama mgonjwa anatumia kifaa kinachounganishwa na simu, soma kwanza orodha ya simu zinazokubaliwa na mtengenezaji wa kifaa. Ukishahamia, jaribu kama mlio unasikika, tena usiku, simu ikiwa mahali inapolala.

Sita, usiifute simu ya zamani mpaka mwezi upite. Mjukuu atasubiri.

Kitochi hakibagui

Nilipomsimulia mwenzangu wa chumba cha habari, alinikumbusha Wazazi Nipendeni, huduma ya meseji iliyoanzishwa nchini 2012 kwa wajawazito na wazazi wa watoto wachanga. Mama alijisajili bure na kupokea ushauri kulingana na umri wa mimba. Haikuuliza una simu gani. Kitochi kilitosha.

M-Pesa nayo ilianza kwa menyu ya namba tu, na hadi leo mwenye kitochi kijijini anamtumia mwenye iPhone mjini. Wanaobuni programu za afya kwa ajili ya familia zetu wakumbuke hilo kabla ya kuchagua upande.

Mama yangu bado anaitumia simu mpya, na anaipenda kwa sababu anawaona wajukuu vizuri zaidi. Presha yake, hata hivyo, ameirudisha kwenye daftari la mistari, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kliniki iliyofuata, daktari alilipitia ukurasa kwa ukurasa, akaona presha ya jioni ndiyo inayopanda, akabadilisha muda wa kumeza dawa.

Kila Jumapili nalipiga picha daftari hilo na kulituma kwenye kundi letu la familia, ambamo kuna Tecno mbili, Samsung moja na iPhone mbili. Picha inafunguka kwa wote.